Zamu ya Mimi

Hata foleni ya watu wawili aliinyoosha. Ukimkuta bombani Kaloleni asubuhi, mtungi wake ulikuwa nyuma kabisa, na yeye mwenyewe mbele akiipanga ya wengine: huu ulikuja kabla ya ule, mama mwenye mtoto mgongoni apite, na wewe kijana usijifanye hukuona. Akimaliza kupanga alirudi nyuma kungoja. Siku moja maji yalikatika mtungi wake ukiwa ndio unaofuata. Aliubeba mtupu akaenda nao nyumbani, na wala hakuonekana kama mtu aliyeonewa.

Sisi tuliosoma kwake tulimwita Mwalimu wa Zamu. Kila shule ina mwalimu wa zamu, yule ambaye kwa wiki nzima anapiga kengele, anawangoja wachelewaji langoni na kuhakikisha darasa limefagiwa. Walimu wengine waliichukia kazi hiyo kama dawa chungu, wakamsukumia yeye, naye akaipokea. Kwa hiyo tangu nianze shule mpaka nimalize, zamu ilikuwa yake. Alipostaafu jina likamfuata mtaani. Akina mama wa sokoni walimwita Japuonj, ambalo kwa Kijaluo ni mwalimu tu, lakini ukiuliza nyumba ya Mwalimu wa Zamu hata mtoto angekupeleka.

Alitufundisha Kiswahili, na nawaonea huruma wote wanaofundisha Kiswahili kandokando ya ziwa letu. Nyumbani tulisema Kijaluo, barabarani tulisema chochote kilichopita, na tukifika darasani tunasema "kitabu ya mimi" bila aibu yoyote. Hilo ndilo lililomuuma kuliko makosa yote. Hakupiga mtu kwa sababu yake. Aliweka chaki mezani, akavua miwani, akasema taratibu:

"Huyo 'ya mimi' alikufa. Tulimzika juzi. Sema tena."

"Kitabu changu, mwalimu."

"Sasa umesema kama mtu aliye hai."

Mpaka leo mtu akisema "simu ya mimi" mbele yangu, miwani ile naiona ikivuliwa.

Nyumbani kwake alikuwa na watoto wawili wa kiume, na yule mkubwa aliligundua jeraha hilo mapema akawa analitonesha kwa makusudi. Alisoma vizuri, akawa fundi wa friji, akaota ndevu, lakini akikaa mezani na baba yake alikuwa akiuliza, "Sahani ya mimi iko wapi?" Kijiko kilimdondoka Mwalimu. Mama yao alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Nilikuwa jirani, nimeyaona hayo kwa macho yangu, na nakwambia hakuna mtu aliyependwa katika nyumba ile kama yule mchokozi.

Huyo mkubwa ndiye aliyeleta mchezo wa kompyuta nitakaousimulia.

Mimi nina saiba hapo Kaloleni, chumba kimoja chenye kompyuta chache, mashine ya kuchapa, na vijana wanaopiga kelele kuliko mashine yenyewe. Mchana mmoja Mwalimu aliingia amepakata kompyuta ya mezani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Ilikuwa ya mwanawe na ilikuwa imekataa kuwaka. Hakutaka barua wala picha zilizokuwa ndani. Alitaka mchezo. Nilidhani sikusikia vizuri, maana mtu huyu alikuwa akituambia hata karata ni kazi ya walevi. Nikautoa mchezo kwenye ile mashine iliyokufa nikauweka kwenye moja ya zangu, ile ya pembeni karibu na dirisha. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kiti kile kikawa chake.

Ni mchezo wa zamani kidogo. Watu wanne wanatembea katika nchi ya mapango, misitu na majitu. Yupo mwenye ngao, yupo mganga, yupo mpiga mishale, na yupo mtu wa upanga. Wakikutana na adui, hapana kukurupuka. Wanasimama mstari, adui naye anasimama mstari wake, na kila mmoja anangoja zamu ifike ndipo aamriwe: piga, ponya, kinga, kimbia, au subiri. Vijana wangu, waliozoea michezo ya mpira na bunduki, walikufa kwa kicheko.

"Mwalimu, hiyo gemu yako ni kama laini ya hospitali," kijana mmoja wa bodaboda alimwambia. "Hata jitu anangoja!"

"Linangoja," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Jitu linangoja. Na ndiyo maana limekushinda adabu."

Mwanawe ndiye aliyewapa majina wale wanne, siku za nyuma, wakati baba na mwana walikuwa wakicheza pamoja sebuleni. Mwenye ngao alimwita Japuonj. Mganga alimwita Mama. Mpiga mishale alimwita Omera, yaani ndugu yangu. Na yule wa upanga, ambaye ndiye yeye mwenyewe, alimwita Mimi. Ulikuwa ni mtego. Mwalimu alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya pakiti ya chumvi, na maneno ya Kiingereza ya mchezo aliyageuza Kiswahili papo hapo. Kwa hiyo angesoma: zamu ya Japuonj, zamu ya Mama, zamu ya Omera, kisha angejikuta ametamka kwa kinywa chake mwenyewe lile lililozikwa juzi.

Hakunaswa hata mara moja. Alisoma majina matatu kwa sauti ya darasani, na la nne likifika alifumba mdomo. Mwanawe alikuwa akimngoja hapo, ameinamisha sikio, na baba anamtazama tu, nyusi juu. Mkewe ndiye aliyenisimulia hayo. Alisema wangeweza kukaa hivyo mpaka chai ipoe.

Kisha mwana akaenda visiwani kutengeneza friji za kuhifadhia samaki, na mashua aliyopanda ikazama wakati wa kurudi. Miili ya wenzake ilipatikana mmoja mmoja. Yeye hakupatikana.

Watu wa ziwani tunaamini ziwa hurudisha. Linakaa na mtu siku kadhaa, kisha linamleta ufukweni ndugu zake wamchukue. Wengi walijifariji kwa imani hiyo. Mwalimu aliishika kwa upande mwingine kabisa. "Ziwa limerudisha wote waliokuwa ndani yake," alimwambia mchungaji mbele yetu. "Wangu halijamrudisha. Basi hayumo." Utamjibu nini mtu kama huyo? Mchungaji, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake, aliinamisha kichwa akaomba.

Sasa utaelewa alichokuwa akifanya kwenye kiti changu cha dirishani. Alicheza na wale watatu kama kawaida. Mimi alipofikiwa na zamu, Mwalimu alinyamaza, akabonyeza Subiri. Hakumwamuru jambo jingine lolote. Vita baada ya vita, Mimi alisimama pale na upanga wake, anapigwa, anaponywa na Mama, hapigi. Watatu wakawa wanapigana kwa ajili ya wanne. Vijana waliingiwa na uchungu wa kweli, maana mchezaji hawezi kuona mchezo ukiharibiwa akakaa kimya.

"Si utoe huyo jamaa, Mwalimu? Unaenda pale kwa kijiji unachukua mwingine. Huyu anakula tu dawa ya wenzake."

"Huyu ana mwenyewe," alisema. "Mwenyewe akija atamwamuru."

Siku moja alitoka kwenda msalani katikati ya vita, na yule kijana wa bodaboda, kwa roho safi kabisa, akajisogeza akampigisha Mimi pigo moja tu. Jitu likaanguka. Mwalimu aliporudi alisimama nyuma ya kiti, akatazama.

"Nani amemwamuru?"

Chumba chote kikawa darasa la tano. Kijana aliomba msamaha akiwa amesimama wima. Mwalimu hakugomba. Aliurudisha mchezo pale alipokuwa ameuhifadhi kabla ya vita, akaanza upya, na akashindwa. Aliniambia wakati wa kuondoka, "Mtu hachezewi zamu yake." Nami ulimi wangu haukai ndani, nikamkumbusha kwamba yeye alikuwa ametumikia zamu za walimu wa shule nzima. Alifikiri mpaka nikajuta kusema. "Wale walinituma," akajibu.

Hiyo ya kuurudisha mchezo ndiyo iliyonishangaza. Darasani hakuruhusu kifutio. Ulichoandika umeandika, alituambia, kipige mstari mmoja na uendelee. Na katika mchezo, Japuonj akianguka alimwacha chini, Mama akianguka alimwacha, Omera vilevile. Lakini Mimi akianguka, mkono ulikuwa mwepesi. "Hapa hakuna aliyekufa," alisema, kana kwamba anasahihisha insha, na kila kitu kinarudi nyuma. Kwa hiyo hawakusonga mbele. Kulikuwa na lango moja la mawe, linalolindwa na jitu moja kubwa la majini, na watatu hawakuweza kulipita. Alirudi langoni pale msimu kwa msimu. Umeme ukipotea, na kwetu hupotea, alikaa mbele ya kioo cheusi na mikono magotini. Nikimwambia aende nyumbani, alisema umeme nao una zamu yake.

Subira huvuta heri, wanasema. Nimeona subira ikivuta mambo mengine pia. Nilimwona Mama, mke wake, akikonda. Alikuwa anakuja kunisaidia kufagia asubuhi, hasa apate mtu wa kuongea naye. "Sijui nilie au nipike chakula zaidi," aliniambia mara moja. "Nikilia, baba yake ananiangalia kama namuua mtoto. Nisipolia, kifua hakinipi usingizi." Machozi hayakumtoka hata alipokuwa akisema hayo.

Na kulikuwa na yule mdogo. Kwetu kuna mpangilio: kaka mkubwa ndiye hujenga nyumba kwanza katika boma la baba, ndiye huoa kwanza, na mdogo hampiti. Kama mkubwa amekufa, wazee wanajua la kufanya ili mdogo apite. Kama yuko safarini, mdogo anangoja. Lakini mtu ambaye hajafa na hayuko? Wazee wa nyumbani kwao, huko Seme upande wa Kombewa, walisema dawa ipo tangu zamani. Mtu aliyepotea majini asipoonekana, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mti wa mwegea, zito kama mtoto mchanga. Linavikwa, linalazwa kaburini, watu wanalia, na aliyepotea anapata mahali. Walimtumia Mwalimu ujumbe mara nyingi. Alijibu kwamba hatazika tunda akaliita mwanawe.

Nilimkasirikia. Nasema wazi kwa sababu watu wakifa au wakizeeka tunawapaka sukari, nami sitaki kumpaka. Nilimwona mtu aliyempa haki kila mwenye mtungi bombani, lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe watu wawili wamesimama kwenye foleni isiyosogea, na yeye ndiye aliyesimama mbele. Nilimpenda na nilimkasirikia, yote mawili Jumamosi moja.

Jumamosi ninayoikumbuka kuliko zote, yule mdogo alimfuata baba yake saibani. Hakuwa amewahi kuingia wakati baba yake anacheza. Ni mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mikono imejaa makovu madogo. Alisimama nyuma ya kiti.

"Baba, wazee wako nyumbani. Wamekuja na gari kutoka Seme. Wanataka neno moja tu."

"Neno nimewapa."

"Baba, mimi sikatai. Huyo ni ndugu yangu. Lakini mimi nitangoja mpaka lini? Msichana ya watu anangoja. Kwao wanauliza kama niko na boma ama sina."

"Msichana wa watu," alisema Mwalimu. Halafu akasema, "Zamu ya kakako haijaisha."

Yule mdogo alikuwa ameanza kutazama kioo. Walikuwa langoni tena, mbele ya jitu la majini, na mambo yalikuwa mabaya. Japuonj ameanguka na ngao yake. Mama ameanguka. Mpiga mishale amebaki na uhai mwembamba kama uzi. Mimi amesimama pembeni, mzima, upanga mkononi, kama alivyosimama miaka yote ile.

"Huyo wa mishale anaitwa Omera?" mdogo aliuliza.

"Ndiyo."

"Omera ni nani?"

"Ni wewe. Kakako ndiye aliyekuita hivyo."

Nilikuwa nimesimama kwenye mashine ya kuchapa, na niliacha kuchapa. Zamu ilikuwa imefika kwa Mimi. Baada yake lilikuwa linafuata jitu. Mkono wa Mwalimu ulikwenda kwenye Subiri kwa mazoea, kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya taa.

"Baba," alisema yule mdogo, polepole sana, "huyo akingoja, mimi nakufa."

Alikuwa anasema juu ya mchezo. Naamini kabisa alikuwa anasema juu ya mchezo. Lakini maneno yalipotoka tuliyasikia sote watatu, naye akawa wa kwanza kushtuka.

Mkono ulibaki hewani. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akaniita kwa jina langu la shuleni, ambalo hakuna mwingine anayelitumia.

"Huyu anaweza nini?"

Hakuwa anajua. Miaka yote ile hakuwahi kuifungua orodha ya amri za mtu huyo zaidi ya ile moja. Nikaenda nikainama, nikamwambia: anaweza kupiga, anaweza kukimbia, na anaweza kumkinga mwenzake, apokee yeye pigo la mwenzake.

"Kumkinga," alisema Mwalimu. "Hiyo ndiyo tabia yake." Akabonyeza.

Mimi alitoka pale alipokuwa amesimama, akaja mbele ya Omera. Jitu likapiga, na pigo lote likamwishia yeye. Akapiga magoti, akalala. Omera akabaki na mshale wake, zamu ikamfikia, Mwalimu akamwamuru, na jitu likarudi majini kwa kishindo. Lile lango la mawe likafunguka. Vijana wa upande wa pili, ambao walikuwa wamejifanya hawaoni, walianza kushangilia, kisha wakaona uso wa Mwalimu wakanyamaza.

Nilijua kinachofuata. Nikanyoosha mkono.

"Nikurudishie, Mwalimu?"

"Acha."

"Mimi ameanguka."

"Nimeona. Mwache alale."

Alikaa akitazama lango lililo wazi na hakuwapitisha waliobaki. Halafu aligeuza kiti, akamtazama mwanawe mdogo usoni, na swali aliloliuliza lilikuwa la kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya sukuma wiki sokoni.

"Yago inapatikana wapi siku hizi?"

Hakukaa tena kwenye kiti kile. Mchezo bado uko kwenye mashine ya dirishani, umehifadhiwa pale pale, na kijana anayetaka kuufuta ajue ataongea kwanza na mimi.

Nilikwenda Seme kwa mazishi. Walikuwa wameifunga yago kwa shuka nyeupe, na juu wakaweka shati la kazi la fundi wa friji, lenye jina la kampuni mfukoni. Mchungaji alikuwa ametaka kukataa, halafu akaja, akasoma neno kwa sauti ya chini. Hapakuwa na pilikapilika. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele, amevaa koti lake la shule, na nilipomwona hivyo hasira yangu yote iliniisha. Mtu aliyenyoosha kila foleni aliyoikuta alikuwa amewekwa mbele ya ile moja isiyonyooka, mtoto ametangulia na baba yuko nyuma. Nilielewa alikuwa anangoja nini muda wote ule. Alikuwa anangoja mtu aje aseme wamekosea mpangilio.

Ikafika saa ya kutia udongo. Mwenye kipaza sauti alisema tunaanza na baba mzazi. Mwalimu hakuinuka. Watu wakasubiri. Mkewe alikuwa kando yake, ameshika leso kavu, akitazama mbele kwa macho yale yale aliyokuwa nayo akifagia saibani kwangu. Mwishowe yule mdogo alikuja, akainama, akamshika kiwiko.

"Baba," alisema, "zamu ya wewe."

Nusu ya watu waliokuwa pale walisoma kwake. Tulingoja miwani ivuliwe, tulingoja asahihishe, na nadhani tungefurahi, maana ingekuwa ni yeye wa siku zote.

Aliinuka. Akaenda mpaka ukingoni, akachota udongo kwa mkono, akatazama chini kwenye ile shuka kama mtu anayetazamwa kutoka upande wa pili wa meza, nyusi juu.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia. "Zamu ya mimi."

Akauachia udongo. Mkewe alikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kikubwa kilichomtoka bila ruhusa, akaziba mdomo kwa leso, na hapo ndipo alipolia.